Ukifika ughaibuni, bustani ifunguliwe ukiwa mlangoni

Mhariri,

Kurasa zenu za safari humweleza msomaji wapi pa kununua, wapi pa kula na wapi pa kupigia picha. Bustani za mjini hutajwa kwa nusu sentensi tu, kwamba ni pahali pa kupumzikia jioni. Kwa mtu anayetaka kuona ndege, jioni ya bustani ya mjini ni kuchelewa. Na watu wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaosafiri siku hizi si haba: wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou, wanaosindikiza wagonjwa India, wanaoitwa kwenye semina ya wiki moja Ulaya, wanafunzi. Wengi wao hubaki na saa mbili tatu za asubuhi zisizo na kazi, na mtaa wa pili kutoka hotelini kuna bustani isiyo na kiingilio. Tunawaandikia hao, hasa wale ambao hapa nyumbani tayari wanajua kumtofautisha mwewe na kipanga.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo asubuhi nyingi hupotea. Mbeya jua huchomoza kati ya saa 12 na robo na saa 1 asubuhi, Januari hadi Desemba, na mwili umezoea hivyo. London mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa 10 na dakika 43 alfajiri. Desemba hungoja hadi saa 2 na dakika kama 5. Kibao cha Hyde Park kinaonyesha kwamba milango hufunguliwa saa 5 ya kwao, na hiyo ni saa 11 alfajiri ya kwetu. Central Park ya New York hufunguliwa saa 12 asubuhi. Makosa huwa mawili: mtu hubadilisha saa kichwani akiwa na usingizi akakosea kwa saa sita nzima, au huweka kengele kwenye simu ambayo bado inafuata saa za Dar es Salaam. Ukiwa ugenini tumia mtindo wa saa 24 kila mahali, kwenye simu na kwenye daftari, na utafute saa ya mapambazuko ya tarehe hiyo usiku uliotangulia. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza zinatosha. Baada ya hapo huja wakimbiaji, halafu mbwa, halafu mashine za kukatia nyasi.

Delhi mwezi Januari ni kinyume chake. Ukungu wa huko ni mzito kuliko wetu wa Juni na Julai, na mara nyingi hauachii mpaka saa 3 au 4 asubuhi. Kuamka usiku ni kujitesa bure. Kunywa chai kwanza.

Mwezi nao una neno lake. Central Park ina hekta 341 tu, lakini aina zaidi ya 200 za ndege zimewahi kuonekana humo, na sababu yake ni rahisi. Ndege wengi wadogo wanaohama kutoka kusini kwenda kaskazini husafiri usiku, wakifuata pwani ya mashariki ya Marekani. Kukipambazuka, chini yao ni zege maili kwa maili, na katikati yake kipande kimoja cha kijani. Hushuka hapo kula na kupumzika. Kipindi chenyewe ni mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, na asubuhi nzuri kuliko zote ni ile inayofuata usiku wa upepo wa kusini, hasa mvua ikinyesha karibu na alfajiri na kuwateremsha wote kwa mpigo. Upepo ukivuma kutoka kaskazini usiku kucha, wachache huruka na wachache hushuka. Eneo la kwenda ni Ramble, kijimsitu chenye njia za kujipinda katikati ya bustani. Anayefika Julai akiwa na orodha ya Mei atarudi na njiwa na shomoro.

Ulaya nako Julai na Agosti, miezi ambayo semina huwa nyingi, ni migumu. Ndege wamekwisha kulea makinda, hawaimbi, na miti imejaa majani. Mabata madume huwa wamepukutisha manyoya ya rangi na kufanana na majike, kiasi kwamba anayefungua kitabu kutafuta kichwa cha kijani hakioni ziwa zima. Mwangalie mdomo: bata dume wa kawaida wa Ulaya, Anas platyrhynchos, hubaki na mdomo wa manjano hata akiwa amevaa mavazi ya jike, na jike ana mdomo wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi. Desemba na Januari kuna baridi kali, lakini miti haina jani hata moja na kigong'ota huonekana kama amebandikwa kwenye shina.

Sasa jambo ambalo wasafiri wetu hawalijui, na ambalo ndilo hasa limetufanya tuandike. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini akiingia bustani ya Ulaya mwezi Mei, sehemu ya ndege walio juu ya kichwa chake ni wa aina alizowaona nyumbani Februari. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme barabara ya Uyole kuanzia Oktoba hadi Machi ni Hirundo rustica, kidege cha gramu 20 hivi, ambacho huzaliana Ulaya na Asia. Wengi hawamtambui wakimkuta huko, na wana sababu. Akiwa kwetu hubadilisha manyoya ya mabawa na mkia, kwa hiyo zile nyuzi mbili ndefu za mkiani mara nyingi hazipo au ni fupi, na makinda ya mwaka ule yana uso wa rangi ya mchanga uliofifia. Mei, akiwa kwao, nyuzi zimekamilika, uso ni mwekundu wa matofali na mgongo unang'aa buluu kama chupa ya wino. Msafiri anaandika ndege mpya kumbe ni mgeni wake wa kila mwaka. Alama isiyobadilika ni mkanda mweusi kifuani, chini ya koo. Uangalie huo kwanza, na uangalie juu ya maji, kwa sababu anapopita mjini huvua wadudu hapo.

Teleka, Apus apus, watu wetu wengi humwita mbayuwayu vilevile, lakini ni mwingine kabisa. Ana mabawa kama mundu, ni mweusi mzima isipokuwa koo, na hupiga mayowe akikimbizana na wenzake juu ya mapaa. Hufika London mwanzoni mwa Mei na kuondoka mwanzoni mwa Agosti. Ukimwona ametua kwenye waya, huyo si teleka: vidole vyake vimeumbwa kwa kung'ang'ania ukuta, na waya haumfai.

Mgumu kuliko wote ni kidege cha kijani kibichi kilichofifia, chenye mstari wa manjano juu ya jicho, kinachopekua majani bila kutulia. Kwenye migunga na miombo ya kwetu huyo kwa kawaida ni Phylloscopus trochilus, na mwezi Machi huanza hata kuimba kabla ya kuondoka. Bustani za Ulaya zina pia ndugu yake, Phylloscopus collybita, wanaofanana kama mapacha. Miguu ya trochilus ni ya kahawia hafifu, ya collybita ni karibu nyeusi. Na collybita huimba noti mbili tu akizirudiarudia, wakati trochilus hushuka ngazi kwa upole mpaka sauti ikafifia. Wakinyamaza na miguu ikawa kwenye kivuli, andika "mmoja kati ya hao wawili" uendelee. Hakuna aibu.

Korongo weupe tunaowaona wakifuata viwavijeshi ni habari nyingine tamu. Wale wa Ulaya ya mashariki hawapendi kuvuka bahari pana, maana hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini ili wapae bila kupiga mabawa. Kwa hiyo hupita kwenye mlango mwembamba wa Bosporus. Mwenye kuunganisha ndege Istanbul mwezi Agosti, akiwa na saa nane au zaidi na ruhusa ya kutoka uwanjani, apande kilima cha Çamlıca kuanzia saa 3 asubuhi, jua likishapasha ardhi. Hapo kuwahi alfajiri hakuna faida. Asiye na muda huo aende bustani ya Gülhane, ambako kulasitara wa kijivu hujenga viota juu ya miti mikubwa ya kale, mwanzo wa mwaka hadi kiangazi. Ila korongo wa Strasbourg, katika bustani ya Orangerie, wale huelekea magharibi kupitia Gibraltar. Usiwasalimie kwa Kinyakyusa, hawafiki huku.

Wapo pia Waafrika wasiohama. Kwenye nyasi za Hyde Park utamkuta bata bukini wa Misri, Alopochen aegyptiaca, yuleyule wa mabonde ya Usangu, mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho. Alipelekwa Uingereza kama pambo la mabwawa ya matajiri, akatoroka, akazaana. Kasuku wa kijani wanaopiga kelele juu ya miti ya London, Psittacula krameri, asili yao ni Afrika kusini mwa Sahara ya jangwa na Bara Hindi. Na New York kwenzi wa Ulaya wamejaa kwa sababu Eugene Schieffelin aliwaachia 60 ndani ya Central Park mwaka 1890 na wengine 40 mwaka uliofuata. Anayeshangaa aikumbuke Zanzibar, ambako kunguru wa India aliletwa miaka ya 1890 ili ale takataka, na matokeo yake Dar es Salaam inayajua. Ukiwa Delhi, ndani ya Lodhi Garden, utamwona kunguru huyo akiwa kwao, na kuanzia Aprili utamsikia anayemsumbua: koel, aina ya kekeo anayetaga kwenye viota vya kunguru na kuita "ko-eel" kwa sauti inayopanda, tangu kabla ya alfajiri. Hapa kwetu kunguru huyo hana wa kumtagia. Lodhi kuna pia hondohondo wa kijivu na ninga wa miguu ya manjano kwenye mitini.

Shorewanda ni mwalimu mzuri kwa anayekwenda mashariki. Wetu wa Mbeya ana kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Wa Delhi ana wekundu mahali pa manjano. Guangzhou wapo zaidi ya mmoja: mmoja ana shungi refu na doa jekundu shavuni, mwingine ana kisogo cheupe. Umbo, mkao na ujasiri ni uleule, kwa hiyo jamii utaijua kabla hujafungua kitabu. Huko Guangzhou bustani ya ziwa Liuhua ina kisiwa cha yangeyange na kulasitara wa usiku. Kaa ufukweni mkabala nacho jua likichwea, wakati yangeyange wanarudi na wale wa usiku wanatoka. Hiyo ndiyo jioni pekee tunayoisifia.

Kuna mtego mmoja maziwani. St James's Park ya London ina mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, uzao wa desturi iliyoanza mwaka 1664 balozi wa Urusi alipomzawadia mfalme Charles wa Pili. Hulishwa samaki na watunzaji. Kando yao huogelea mabata wa kila rangi kutoka pembe zote za dunia, nao ni wa kufugwa vilevile. Usiwahesabu. Bata wa mapambo mara nyingi ana pete mguuni, au bawa moja limepunguzwa ncha. Subiri ajinyooshe, utaona upande mmoja mfupi. Bata anayekuja kwako akitaka chakula badala ya kukukimbia pia hatoi ushahidi mzuri. Na mkate usiwape: hujaza tumbo bila kulisha, na unaobaki huoza majini. Singapore kumlisha ndege wa porini, njiwa akiwamo, ni kosa la kisheria.

Darubini. Namba mbili zilizoandikwa juu yake, kwa mfano 8x42, maana yake ni kukuza mara 8 na lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 42. Gawa ya pili kwa ya kwanza: unapata 5.25, upana wa mwanga unaofika jichoni kwa milimita. Alfajiri mboni hupanuka na kuhitaji kiasi hicho. Zile ndogo za mfukoni, 8x25, zinatoa 3 tu, na chini ya miti utaona kivuli. Zile za machinga zilizoandikwa 20x50 zinatoa 2.5, na juu ya hapo hukuza mtetemo wa mkono mara 20. Ndege hucheza kama yuko kwenye daladala. Chukua 8x42, au 8x32 kama begi ni dogo. Kabla ya kulipa, ishike kwa urefu wa mkono kuelekea mbinguni (mbali na jua) utazame vile vidoadoa viwili vya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Viwe duara kamili. Vikiwa na pembe zilizokatwa, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Kisha tazama maandishi ya kibao kilicho hatua 50. Yakionekana mawili, au kichwa kikianza kuvuta, vioo vya ndani vimehama. Rudisha.

Kuirekebisha ni kazi ya dakika moja, na wengi hawaifanyi. Ikunje mpaka uone duara moja. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione unyoya kwa unyoya. Sasa ziba ya kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia mpaka nalo lione vilevile. Ikumbuke alama ya pete hiyo. Mwenye miwani ateremshe vikombe vya macho, la sivyo ataona tundu dogo katikati. Kosa la kila mgeni ni kuinamia darubini kisha kumtafuta ndege: ndege huyo umeshampoteza. Mkazie macho bila kupepesa, inua darubini ije machoni, shingo isisogee. Jizoeze wiki mbili kwa chozi, kile kidege kinachofyonza maua, kwenye maua ya nyumbani. Anayemweza chozi hatashindwa na ndege wa Ulaya.

Mwanga nao una siasa yake. Kwetu jua hupita utosini na upande haujalishi sana. London au Berlin jua hukaa upande wa kusini sehemu kubwa ya siku, na majira ya baridi huwa chini kama taa ya gari. Ukiwa ukingo wa kaskazini wa ziwa kila bata ni mweusi. Zunguka usimame ukingo wa kusini, jua likupige mgongoni, na rangi zitarudi. Cape Town na Johannesburg fanya kinyume. Kwa sababu hiyo rangi iwe kitu cha mwisho kuandika. Anza na ukubwa, kwa kutumia wanaojulikana kote: mdogo kuliko shomoro, sawa na njiwa, mkubwa kuliko kunguru. Halafu mdomo, halafu anachofanya, halafu rangi. Andika majina ya kisayansi, maana Kiswahili chetu humwita korongo ndege wa jamii tatu tofauti, na Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani navyo havikubaliani.

Kwenye simu, programu ya Merlin Bird ID ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure. Pakua programu pamoja na kifurushi cha nchi unayokwenda ukiwa bado nyumbani kwenye Wi-Fi, kwa sababu vifurushi hula bando, na ukiwa China duka la Google halifunguki. Ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, ikiwamo ile sehemu ya kutambua sauti. Hukosea kunapokuwa na upepo, magari, au kwenzi, ambaye huiga ndege wengine kwa ufundi mkubwa. Jina likitokea kwenye kioo, mtafute ndege kwa macho kwanza ndipo uandike. Kupiga sauti iliyorekodiwa ili ndege aje ni ukorofi: huacha kiota na kazi zake kuja kupigana na simu. Chaja ya akiba na darubini viwe kwenye begi la mkononi ndani ya ndege ya abiria. Na ukitoka kwenye baridi kuingia chumba chenye joto, funga darubini ndani ya mfuko wa plastiki dakika 40 hivi, la sivyo mvuke hutanda kwenye lenzi.

Neno kuhusu watu. Tarehe 25 Mei 2020, ndani ya Ramble, Christian Cooper, Mmarekani mweusi na mtazamaji ndege wa miaka mingi, alimwomba mwanamke amfunge mbwa wake kamba kama kanuni inavyotaka. Mwanamke akapiga simu polisi akidai mwanaume mweusi anamtishia maisha. Video ilizunguka dunia, na siku chache baadaye watazamaji ndege weusi wa huko wakaanzisha juma lao la kila mwaka. Hatusemi mtu asiende. Tunasema darubini ining'inie kifuani pasipo kufichwa na koti, kitabu cha ndege kiwe mkononi, usielekeze kioo kwenye madirisha, viwanja vya kuchezea watoto wala majengo yenye walinzi, na nakala ya pasipoti pamoja na kadi ya hoteli viwe mfukoni. Kwenye nyasi ndefu za Ulaya na kaskazini mashariki ya Marekani ingiza suruali ndani ya soksi, maana kupe wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta ameuma, mvute kwa kibano karibu kabisa na ngozi, taratibu, bila kumpaka mafuta.

Asiye na safari ya mbali, Nairobi inatosha: kila Jumatano asubuhi wanachama wa Nature Kenya hutembea kutazama ndege wakianzia Makumbusho ya Taifa.

Mwisho, ndege yeyote aliyekufa kando ya ziwa usimguse, kwa sababu mafua ya ndege yamekuwa yakiua mabata na bata bukini Ulaya na Amerika. Kinyesi cha bata hujaa kwenye njia za bustani hizo na hunasa kwenye soli. Sugua viatu kwa brashi na sabuni kabla ya kufunga begi, kisha viache vikauke kabisa. Aliye na banda la kuku Uyole, Mafinga au Makambako asiingie humo na viatu alivyozungukia ziwa la London.

Waongoza watalii wawili,
Forest ya Zamani, Mbeya